Mafuvu 202, majibu matatu

Septemba 2023, Stiftung Preußischer Kulturbesitz, taasisi inayosimamia makumbusho ya serikali mjini Berlin, ilitangaza jambo ambalo koo kadhaa za Kilimanjaro zimeliulizia kwa zaidi ya karne moja. Fuvu mojawapo katika hifadhi yake lilikuwa limeandikwa neno "Akida". Vinasaba vyake vililinganishwa na vya mwanamume aliye hai Tanzania, mtu wa ukoo unaosimulia kwamba babu yao alikuwa mshauri wa karibu wa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi. Kwa upande wa baba, vikalingana kabisa. Mafuvu mengine mawili kutoka Uchagani nayo yakapata watu ambao vinasaba vyao vinakaribiana nayo mno.

Ni rahisi kuipa maabara sifa zote. Tumezoea kusikia kwamba kipimo cha vinasaba ndicho mwisho wa ubishi, kwa hiyo tunadhani ndicho pia mwanzo wa utafutaji. Ukifuatilia jinsi fuvu la Akida lilivyopatiwa ndugu zake, utaona kipimo kilikuja mwishoni kabisa, baada ya kazi kubwa ambayo karibu yote ilifanywa kwa karatasi na kwa vinywa vya wazee. Nalisema hili mapema kwa sababu lina uzito katika swali lililo mbele yetu sasa, yaani nani arudishiwe nini, na kwa ushahidi gani.

Tuanze na idadi. Watafiti wa Berlin walichunguza mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa utawala wa Kijerumani. Kati ya hayo, 904 yalitoka katika eneo ambalo leo ni Rwanda, 202 Tanzania, 22 Kenya, na saba hayakuweza kupangiwa mahali kwa uhakika. Wingi wa yale ya Rwanda una sababu inayojulikana: mwaka 1907 na 1908 msafara wa Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulipita huko, na mwanaanthropolojia wake, Jan Czekanowski, alikusanya mafuvu kwa mamia. Mengi ya haya 1,135 yalitolewa makaburini na mahali pengine pa kuhifadhia wafu, na mengine yakatoka kwa watu walionyongwa. Yalipelekwa Berlin kwa Felix von Luschan, aliyekuwa akikusanya mafuvu ya dunia nzima ili kupima na kulinganisha jamii za watu. Sehemu nyingine ya mkusanyiko wake, maelfu ya mafuvu, iliishia New York, katika American Museum of Natural History. Anayemtafuta babu yake Berlin asipompata, hana budi kuvuka bahari ya pili.

Kutoka mafuvu 1,135 hadi 202 ni kazi ya karatasi: madaftari ya kupokelea vitu, barua za maofisa na madaktari wa jeshi, maandishi ya wino juu ya mfupa wenyewe. Kutoka 202 hadi manane ni karatasi tena, maana ni manane tu yaliyokuwa na maelezo ya kutosha kiasi kwamba mtu angeweza kwenda kijiji fulani na kuuliza ukoo fulani. Katika hayo manane, matatu yalipata jibu. Hebu fikiria hatua ya kutoka kwenye fuvu lenye neno "Akida" hadi kwa mwanamume mmoja anayefungua kinywa atoe mate. Akida ni cheo. Maakida walikuwa wengi, na hakuna mashine inayoweza kusema ni yupi. Aliyeonyesha njia ni ukoo uliokuwa bado unakumbuka, baada ya vizazi vinne au vitano, kwamba mzee wao alikuwa na cheo hicho kwa Meli na kwamba aliuawa pamoja naye. Kama kumbukumbu hiyo ingekatika kwa kizazi kimoja tu, fuvu lingebaki kwenye rafu na maabara isingekuwa na mtu wa kumpima.

Mauaji yenyewe yanajulikana. Meli alikuwa mwana wa Mangi Rindi, ambaye wageni wengi walimwita Mandara. Mwaka 1892 askari wake waliwashinda Wajerumani, na ofisa von Bülow akapoteza maisha. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na jeshi kubwa chini ya von Schele wakaishinda Moshi. Machi 2, 1900, Meli akanyongwa Old Moshi pamoja na watu wengine 18, miongoni mwao Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho, wote kwa tuhuma za kupanga njama dhidi ya serikali. Masimulizi ya ukoo wa Meli yanasema kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mjukuu wake alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kukiulizia, na uzeeni akakubali kutoa vinasaba vyake. Katika mafuvu yaliyotambuliwa, la Meli halimo.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini tutegemee kumbukumbu za wazee wakati wenzetu wa nchi nyingine wanafungua kompyuta na kumwona babu yao kwenye orodha ya sensa. Swali la haki kabisa. Uingereza huhifadhi fomu za sensa zenye majina na kuzifungua baada ya miaka 100; zile za 1921 zilifunguliwa Januari 2022. Marekani husubiri miaka 72, na Aprili 2022 ikafungua za 1950. Lakini hata huko orodha hizo zina pengo ambalo Waafrika wenzetu waliopelekwa utumwani wanalifahamu kwa uchungu. Katika sensa za 1850 na 1860 watumwa waliandikwa chini ya jina la bwana wao kwa umri, jinsia na rangi, bila majina. Mwaka 1870 ndipo waliokuwa watumwa wakaandikwa kwa majina yao kote nchini. Mjukuu anayerudi nyuma kupitia sensa anafika 1870 na kukuta ukuta. Anayetaka kuuvuka anahitaji wosia wa bwana, hati ya mauzo, kitabu cha ubatizo, au simulizi la bibi.

Sisi ukuta wetu uko karibu zaidi. Sensa ya kwanza iliyofanyika kwa pamoja Afrika Mashariki ni ya 1948. Tangu Muungano, Tanzania imehesabu watu mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, na hesabu ya mwisho ikatoa watu 61,741,120. Zote zinatueleza tuko wangapi, wa umri gani, tunakunywa maji ya wapi. Taarifa za mtu mmoja mmoja ni siri kwa mujibu wa sheria, na ni vyema ziwe siri kwa walio hai. Hata hivyo, hatuna utaratibu unaofahamika wa kuwafungulia vitukuu wetu majina yaliyoandikwa leo. Usajili wa vizazi na vifo nao ulianza kwa ubaguzi: sheria ya Waingereza ilikuwapo tangu mwaka 1920, lakini kwa muda mrefu ulazima uliwahusu Wazungu na Waasia, na Mwafrika aliweza kuzaliwa na kufa bila ofisi yoyote kuandika jina lake.

Zipo karatasi nyingine, ila zilitengenezwa kwa madhumuni mengine. Wajerumani walianza kutoza kodi ya kibanda mwishoni mwa miaka ya 1890, na mtoza kodi alihitaji kujua nani ana nyumba wapi. Sehemu ya kumbukumbu za utawala wao iko Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa, kwa Kijerumani na mara nyingi kwa mwandiko wa zamani ambao hata Wajerumani wa leo husoma kwa shida. Kwa Kilimanjaro, hazina kubwa zaidi nadhani ni vitabu vya makanisa. Wakatoliki walifika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Leipzig wakafika Machame mwaka 1893, yaani kabla ya mauaji ya Old Moshi. Mtu aliyebatizwa akiwa kijana mwaka 1905 alikuwa na baba aliyeyaona mauaji yale, pengine aliyekufa ndani yake, na kwa kawaida jina la baba huyo limo kwenye mstari uleule wa ubatizo. Hicho ni kipande cha daraja kati ya fuvu na mtu aliye hai, na kimekaa parokiani kikiliwa na mchwa.

Halafu kuna makaburi, na hapa Uchagani panahitaji kuelezwa kwa utaratibu, maana kaburi la Mchagga ni hati. Mtu huzikwa kwenye kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, katikati ya migomba, na kihamba hurithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Anayejua nani kazikwa wapi anajua ardhi ilipitaje mikononi. Zamani, kabla ya Ukristo kuenea, desturi ilikwenda mbali zaidi: baada ya muda mifupa ilifukuliwa, na fuvu likawekwa migombani penye masale, ule mmea ambao mpaka leo Wachagga huutumia kuweka mipaka na kuombea msamaha. Fuvu la baba lilikuwa na mahali pake palipojulikana, na watoto walijua ni lipi na ni la nani.

Kwa hiyo kilichochukuliwa na madaktari na maofisa wa kijeshi kilikuwa ndicho hasa ambacho ukoo ulikitunza kama ushahidi wa kuwapo kwake. Kwa walionyongwa, kukata kichwa kulizuia ibada nzima ya kumfanya marehemu awe mzee wa ukoo. Kwa wale waliokuwa tayari wamepumzishwa penye masale, kuchukua fuvu kulikuwa kama kurarua ukurasa kwenye kitabu cha ardhi cha familia. Nikisoma kwamba mafuvu mengi ya mkusanyiko huu yalitoka mahali pa kuhifadhia wafu, naelewa kwamba kuna vihamba ambavyo wajukuu bado wanaishi juu yake bila kujua kwamba aliyekuwa pale penye masale yuko Berlin. Hawajawahi kuuliza kwa sababu hapakuwa na mauaji mashuhuri ya kuwakumbusha.

Linganisha na Songea. Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni katika vita vya Majimaji, alinyongwa mwaka 1906 pamoja na wenzake zaidi ya 60. Jina lake limepewa mji na wilaya nzima. Ukoo wake upo na una kaburi. Unachosema ni kwamba kaburi lile halina kichwa. Novemba 1, 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea, akakutana na familia, akaomba msamaha na kuahidi msaada wa kutafuta. Lakini tazama tofauti. Akida alikuwa na fuvu lenye maandishi, akakosa jina. Songea ana jina, kaburi, tarehe na ndugu, anakosa fuvu la kulinganisha. Vinasaba vya wajukuu wake vinaweza kuwa tayari leo na visisaidie chochote mpaka karatasi ya mtu fulani, barua au daftari la mizigo, iseme hiki hapa kilitoka Songea. Kipimo hufanya kazi pale tu panapokuwa na pande mbili za kulinganisha, na ni maandishi na masimulizi yanayozileta pande hizo mezani.

Sasa tuingie kwenye kipimo chenyewe, kwa sababu kinachosemwa kuhusu "kulingana" mara nyingi kinazidi ukweli. Kilichotumika kwa fuvu la Akida ni mstari wa baba. Baba humpa mwanawe wa kiume kromosomu ya Y karibu ilivyo, naye humpa wa kwake, na kuendelea. Mwanamume wa leo anaweza kubeba Y ileile ya mzee wa mwaka 1900. Ila wanaume wote wa mlango huo wa ukoo wanaibeba pia: ndugu wa yule mzee, watoto wa ndugu zake, binamu zake upande wa baba. Kwa hiyo jibu la Y peke yake linasema "huyu ni wa mlango wetu". Kusema "huyu ndiye baba wa babu yangu" kunahitaji tena neno Akida juu ya mfupa na simulizi la ukoo. Ushahidi wa aina tatu ukikutana, ndipo unakuwa na nguvu.

Vinasaba vya kromosomu nyingine, zisizo za jinsia, hupungua kwa nusu kila kizazi. Mjukuu ana wastani wa asilimia 25 kutoka kwa babu mmoja, kitukuu asilimia 12.5, kilembwe 6.25, na kilembwekeza takriban asilimia tatu. Aliyenyongwa mwaka 1900 leo mara nyingi anatafutwa na vilembwe na vilembwekeza. Ongeza kwamba fuvu limeshikwashikwa na mikono mingi kwa zaidi ya karne, limeoshwa, limepimwa, limewahi kuhifadhiwa vibaya, na vinasaba vilivyobaki ndani yake vimekatikakatika. Jibu la "hatukupata anayelingana" linaweza kumaanisha mfupa umechoka. Linaweza kumaanisha ukoo ulibakiwa na mabinti tu, na mstari wa Y ukaishia hapo. Linaweza pia kumaanisha kwamba mtu sahihi bado hajapimwa.

Na liko jambo la nne, ambalo huzungumzwa kwa sauti ya chini lakini lazima lisemwe. Ukoo kwetu haujawahi kuwa damu peke yake. Mjane alirithiwa na shemeji, na watoto waliozaliwa wakaitwa wa marehemu. Yatima alichukuliwa, akapewa jina, jando na kihamba. Mtoto aliyekuja na mama yake alilelewa akawa mwana wa nyumba. Watu hawa walifanya kila kitu ambacho mwana anatakiwa kufanya, na wajukuu wao ndio pengine wanaolijua simulizi la babu kuliko wote. Wapime wanaume wazee watano wa ukoo wowote mkubwa Afrika Mashariki, na usishangae mmoja akitoka na Y ya kwingine. Je, huyo si mjukuu? Kwa mila zote ninazozijua, ni mjukuu. Maabara isipewe mamlaka ya kumtoa kwenye ukoo ambao wazee wake walimwingiza kwa chakula, kwa jina na kwa ardhi. Ndiyo maana mtu anayeombwa sampuli ana haki ya kuelezwa mapema kwamba jibu linaweza kugusa mambo ya nyumbani ambayo hakuyauliza, ikiwemo mirathi. Tanzania ina sheria ya mwaka 2009 inayosimamia vinasaba vya binadamu, na tangu mwaka 2023 inatumika pia sheria ya kulinda taarifa binafsi. Sampuli ya mzee wa Old Moshi ilindwe kwa sheria hizo hata ikisomewa ng'ambo.

Hapa ndipo ninapofika kwenye hofu yangu. Mafanikio ya fuvu la Akida yanaweza kugeuzwa, kwa nia njema kabisa, kuwa sharti: leta vinasaba vinavyolingana, ndipo tukurudishie. Sharti hilo likikubaliwa, mafuvu matatu yatarudi na 199 yatabaki Ujerumani, na kila mtu ataonekana ametenda haki kisayansi. Nalipinga kwa moyo wote. Aliyechukua hakudai ushahidi wa aina hiyo alipochukua. Daftari lake mwenyewe likisema fuvu lilitoka Moshi, au Siha, au Ungoni, basi Moshi, Siha na Ungoni wana haki ya kulizika. Kipimo kitumike pale ukoo unapoomba, ili mtu arudishwe kwenye kihamba chake hasa, kwa jina lake. Pale ambapo hakuna jibu, eneo lichukue nafasi ya ukoo: wazee wa eneo, viongozi wa dini na serikali ya wilaya wakae wakubaliane mahali pa kuzika na namna ya kuzika. Si jambo geni kwetu. Wageni wasiojulikana kwao wamezikwa kwa heshima vijijini mwetu siku zote, na aliyezikwa hivyo alipata kijiji kizima kuwa wafiwa wake.

Upande wetu nao una kazi, na haiwezi kuachiwa Berlin. Serikali za Tanzania, Rwanda na Kenya zidai nakala za kidijitali za madaftari yote ya mikusanyiko hii, ya Ujerumani na ya New York, na maelezo yake yatafsiriwe kwa Kiswahili na Kinyarwanda. Ukoo hauwezi kuuliza habari za fuvu ambalo hawajui kwamba lipo. Dayosisi na majimbo yapige picha vitabu vyao vya ubatizo na vya mazishi vya kabla ya mwaka 1920, vile vilivyosalia, kabla mvua nyingine haijapita juu ya paa bovu. Hii ni kazi ya kamera na kijana mwenye subira, na gharama yake haifiki popote ukilinganisha na gharama ya kupima mfupa mmoja.

Nyumbani nako, Desemba Wachagga wanapopanda mlimani na wengine wetu kuelekea kwetu, wazee wahojiwe na majibu yaandikwe. Maswali yawe ya kumsaidia mtafutaji: nani alizikwa wapi, kihamba kilitoka kwa nani, nani alitoweka na mara ya mwisho alionekana na nani, nani alikuwa na cheo na kwa mangi yupi, mtoto gani aliingia ukooni kwa kulelewa na alitokea wapi. Wanawake waandikwe kwa majina yao ya kuzaliwa na koo walikotoka. Katika simulizi nyingi za ukoo bibi anabaki kuwa "mama fulani" tu, na sababu mojawapo ya kipimo cha Akida kupita kwa wanaume ni kwamba mstari wa wanaume ndio uliokaririwa. Kuna vinasaba vingine vinavyorithiwa kwa mama pekee, navyo huwa vingi zaidi ndani ya mfupa mkuukuu kuliko Y, lakini ili vitumike lazima mtu ajue mama wa marehemu alikuwa nani, dada zake walikuwa akina nani, na mabinti wao waliolewa vijiji gani. Kwa mafuvu mengi kati ya yale 199, huenda ndugu wa kupimwa ni bibi fulani wa Vunjo au Rombo ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza jina la mama wa bibi yake.